Furushi la Mzee Senzighe

Siku tatu kabla ya baraza nilimfungua Mzee Senzighe nyumbani kwangu, nikamuuliza swali nisiloruhusiwa kumuuliza.

Nilifanya hivyo kwa sababu ya Naelijwa, jirani yangu anayelima tangawizi. Alikuja asubuhi, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, akakataa chai.

"Baba Ombeni, wewe ndiye uliyemfunga Mzee. Atasema nini juu ya maji yangu ya Jumatano?"

"Mimi hufunga tu. Kilichomo ndani sikisikilizi. Ndiyo sheria."

"Tangawizi imeanza kukunja majani," alisema. "Miaka yote hii walinzi waliomfuata Mzee wamenifungulia, sasa Mchome ameziba mfereji wangu kwa mawe. Anadai Jumatano bwawa hupumzika tangu enzi za babu yake, na kwamba mimi ni mwizi. Mzee asiponisemea, sina sababu ya kupanda tena."

Nilipaswa kumwambia aende akasubiri baraza kama watu wengine. Lakini mtu akikuuliza kwa heshima jambo la kazi yako, tena mbele ya cheti chako kilichotundikwa ukutani, ni vigumu kujibu kwamba hujui. Cheti hicho nilikipata nikiwa na miaka arobaini na tisa. Mchana nilikuwa fundi wa pampu katika shamba la mkonge kule bondeni. Saa kumi na moja jioni nilinawa grisi, nikaingia darasani pamoja na watu wa umri wa wanangu, nikajifunza Python. Lugha hiyo ya kompyuta siku hizi vijana huicheka. Mimi nimefunga nayo marehemu arobaini na watatu wa kata hii, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukwama kuzungumza.

Naelijwa alipoondoka nilifungua kwenye kompyuta nakala yangu ya Mzee Senzighe, yaani sauti na kumbukumbu alizoacha kabla ya kufa. Alikuwa mlinzi wa ndiva yetu, yaani bwawa la ukoo, kwa miaka ishirini na saba. Maji hujaa humo mpaka alfajiri, kisha mlinzi huchomoa kizibo, na yanateremka kwenda shamba la mwenye zamu. Huku milimani anayeiba mbuzi hutozwa faini na kusamehewa. Anayeiba maji hutajwa hadi kwa wajukuu.

"Nani?" sauti ikauliza. Ilikuwa ile ile ya kukwaruza, ya mtu anayekatizwa kazi.

"Yonazi Mgonja."

"Unataka nini? Sema haraka."

"Mzee, maji ya Jumatano ulimpa Naelijwa?"

"Sikumpa mtu Jumatano. Ondoka."

Nikamfunga. Jioni nilikwenda kwa Naelijwa, nikamwambia kwa upole kwamba ajiandae, Mzee hatamsaidia. Alisema, "Basi nimesikia," akaingia ndani.

*

Jumamosi ukumbi wa ofisi ya kata ulijaa. Mwenyekiti Kajiru, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, aliwasha mashine ya mashahidi. Ni mimi niliyeileta na kuiandaa miaka kumi na moja iliyopita. Sheria inasema marehemu asifunguliwe mahali pengine popote. Inasema pia kwamba marehemu hutoa ushahidi tu, hukumu ni ya walio hai.

"Muulizeni polepole," Mchome alisema kutoka nyuma. "Mzee huyu hata alipokuwa hai alikuwa anasahau kama amekula."

Watu wachache wakacheka. Kajiru akagonga meza.

"Mzee Senzighe, hili ni baraza la kata. Tunauliza habari za maji ya Jumatano."

"Hamjambo nyote," sauti ikajibu.

Hapo ndipo niliposhtuka kwa mara ya kwanza. Sauti ilikuwa yake, mkwaruzo wake, pumzi yake fupi. Lakini Mzee Senzighe hakuwahi kumsalimia mtu bila kulazimishwa. Watu hawakushangaa. Ni msemo wa hapa kwetu kwamba kifo humfundisha mtu adabu, maana marehemu wetu wote wanapofunguliwa ofisini huwa wapole.

"Jumatano nilikuwa nafungua mimi," sauti iliendelea. "Kwa mikono yangu hii. Naelijwa alikuwa amefiwa majuzi, ana mtoto mgonjwa mgongoni na ndoo kichwani. Nilifungua alfajiri, kidogo tu, mpaka maji yaloweshe matuta yake. Msimtaje kwa wizi. Yeye hakushika kizibo hata siku moja."

Naelijwa aligeuka akanitazama, nami nikainamisha macho.

"Na wewe, Baba Ombeni," sauti ikasema, "funga kifungo cha juu. Kifua hicho ulichopata kwenye pampu hakijapona."

Watu waliangua kicheko. "Marehemu amekuwa daktari!" Mchome alipiga kelele. Nami nilicheka, ili nisionekane. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kifungo wenyewe.

Kajiru alitamka uamuzi: Jumatano ni ya Naelijwa, pingamizi zisikilizwe ndani ya siku saba.

Nje Naelijwa alinifuata. "Ulisema hatanisaidia. Ulikuwa unanipima?"

"Hapana, mwanangu."

"Basi ulikuwa unasema nini?"



*

Siku iliyofuata, baada ya ibada, nilimfungua tena nyumbani. "Sikumpa mtu Jumatano." Nikamfunga, nikamfungua. "Sikumpa mtu Jumatano. Wewe Yonazi una wazimu?" Nilijiuliza hilo hilo. Nina miaka sabini na mmoja. Baba yangu alipofika sabini na mbili alikuwa akinikaribisha kama mgeni kutoka Hedaru. Nilichukua daftari nikaandika majibu yote mawili, la nyumbani na la ofisini, kila moja na tarehe yake, kisha nikayasoma kwa sauti ili nihakikishe ni mimi niliyeyaandika.

Niliwaza hila. Labda mtu amebadilisha furushi la ofisini, yaani lile faili ambamo marehemu hufungwa. Jumatatu nilimwomba Kajiru anipe nusu saa na mashine, nikasema ni ukaguzi wa kawaida. Nilipima muhuri wa tarakimu, ule unaobadilika furushi likiguswa, wa furushi la ofisini na wa lile la nyumbani. Ilifanana, tarakimu kwa tarakimu. Lilikuwa furushi lile lile, halijaguswa. Mtu mmoja, majibu mawili, na tofauti yake ni chumba alichoulizwa.

Nikamfungua pale ofisini, tukiwa wawili tu.

"Mzee, mkeo anaitwa nani?"

"Sina mke," ilisema sauti ya kukwaruza. "Nina mume. Daktari amemkataza sukari. Huiba kijiko kimoja nikitoka nje, kisha huosha kijiko ili nisijue."

Niliketi. 

Kijiko hicho hakuna aliyekijua duniani isipokuwa mimi, na Nankondo mke wangu, ambaye tulimzika miaka kumi na moja iliyopita.

Kisha nilitazama ndani ya folda ambamo mashine huwaitia mashahidi. Humo, kando ya mafurushi arobaini na matatu yaliyopangwa vizuri, kulikuwa na faili moja lililolala peke yake. Jina lake lilikuwa kumbukumbu. Tarehe yake ilikuwa siku niliyoileta mashine.

Nitaeleza, na nitaeleza kama nilivyofundishwa, bila kuruka. Mtu wa hapa kwetu akihisi siku zake zinaisha, huketi na kinasa sauti siku arobaini. Kutokana na hayo mimi hutengeneza vitu viwili. Cha kwanza ni programu yenye sauti yake na namna yake ya kujibu. Cha pili ni faili la mambo anayoyakumbuka. Vyote viwili huvifunga pamoja vikawa furushi moja, ili visipotezane. Furushi likiitwa, kompyuta hulitengea chumba cha muda, hulifungua humo, na kutandaza kila kilichokuwa ndani. Likifungwa, chumba hufagiwa na kubomolewa. Safari nyingine hujengwa kingine, mahali pengine, kwa jina lingine.

Sasa, katika programu niliandika mstari mmoja: fungua kumbukumbu. Sikusema iliyo wapi. Kompyuta ikiambiwa jina tupu bila njia haitafuti ndani ya kile chumba cha muda. Hutafuta pale iliposimama wakati wa kuita. Ni kama kumtuma mtu shambani ukamwambia "lete jembe". Ataleta lililo karibu na mguu wake, hata kama lako umelitundika ndani kwa uangalifu. Nyumbani kwangu kila furushi nililiita kulijaribu nikiwa ndani ya folda ya marehemu huyo huyo, kando ya faili lake. Kwa hiyo nyumbani lilisoma sahihi kila siku, nami nikajisifu. Ofisini, siku ya kwanza kabisa, niliijaribu mashine kwa kuweka kumbukumbu za Nankondo hapo nje. Sikuziondoa. Na mafurushi yote yaliyofuata niliyakata kwa kiolezo kile kile, kwa mstari ule ule, kwa jina lile lile la faili. Hilo ndilo nililokuwa najivunia: kwamba kazi yangu haibadiliki.

Miaka kumi na moja, mashauri kumi na tisa. Kila marehemu wa kata hii alisimama mbele ya baraza kwa sauti yake mwenyewe, akakumbuka kwa kichwa cha mke wangu. Nankondo alikuwa mkunga. Aliingia kila nyumba, alijua mipaka, ndoa na ugomvi wote, na ndiyo maana hawakugundua. Ndiyo maana marehemu wetu walikuwa wapole.

Na Mzee Senzighe? Kila alipoitwa alifunguliwa katika chumba chake, akatandaziwa mizigo yake yote ya miaka themanini na minne, na hakuna aliyemuuliza hata uzi mmoja. Kisha akafagiwa.

Nikauliza tena, safari hii nikijua ninayesema naye.

"Jumatano, nani alifungua kizibo?"

"Si nimeshasema? Ni mimi. Nilikuaga kwamba nakwenda kuchuma mnavu. Mzee alikuja akakuta wazi, akaziba, hakuuliza. Nilidhani ameona, amekubali kwa kunyamaza. Sasa mbona unalia?"

*

Kusahihisha ni mistari minne. Programu ijiulize kwanza: je, nimefungwa kwenye furushi? Kama ndiyo, chumba nilichofunguliwa ni kipi? Kisha ilitafute faili humo, si kwingine. Niliiandika siku hiyo hiyo, nikaijaribu kwa kulihamisha furushi kwenye folda tano tofauti. Mzee Senzighe alibaki Mzee Senzighe, mkali kote.

Kuipeleka ofisini ndiko kulikonishinda.

Nisipoipeleka, Naelijwa anabaki na maji. Hakuna atakayejua. Naweza kulifuta lile faili kimyakimya baada ya siku saba, na Nankondo akabaki kaburini na jina lake safi. Nikiipeleka, mwanamke mwenye tangawizi inayokauka ananyang'anywa maji, mke wangu anakuwa mwizi wa ndiva, na mimi nakuwa fundi aliyewaziba midomo marehemu arobaini na wawili. Na kuna jambo la nne ambalo naona aibu kuliandika. Nikiliondoa faili lile, hakutakuwa tena na mtu katika ukumbi ule wa kunikumbusha kifungo.

Kwa siku mbili sikula vizuri. Siku ya tatu nilikwenda kwa Naelijwa. Nilimkuta shambani, mfereji umefunguliwa, maji yanapita kati ya matuta. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kwenye tope.

"Kwa hiyo umekuja kuninyang'anya maji," alisema, "kwa sababu ya faili."

"Kwa sababu si yeye aliyesema."

"Mama Ombeni aliniambia Mzee ameruhusu! Alisema, panda, usiogope. Unadhani ningekunywa maji ya kuibwa? Na mtoto mgonjwa?"

"Najua hukujua."

"Unajua, unajua. Juzi ulijua hatanisaidia." Alishika kiuno, akayatazama matuta yake. Majani yalikuwa yameanza kunyooka. "Nenda kaseme, Baba Ombeni. Nikinyamaza mimi pia, nitakuwa mwizi kweli. Lakini siku hiyo ukae benchi langu. Usiende kukaa kule na wazee halafu mimi nibaki peke yangu kama mshtakiwa."

*

Siku ya pingamizi nilikaa benchi la Naelijwa. Nilisimama nikasema kosa langu kwa mpangilio, kuanzia ule mstari mmoja. Nilipofika kwenye jina la Nankondo nilikunywa maji, nikaendelea.

"Yaani," Mchome alisema akihesabu kwa vidole, "baba yangu aliposema hapa mpaka wetu unaishia kwenye mwembe pori, hakuwa baba yangu?"

"Sauti ilikuwa yake. Kumbukumbu haikuwa yake."

"Ndiyo maana aliniita mwanangu mpenzi," Mchome alisema polepole. "Baba hakuwahi kuniita hivyo." Akakaa. Nilimhurumia kuliko nilivyotarajia.

Kajiru aliamuru furushi lililosahihishwa lifunguliwe.

"Nani?" sauti ikauliza.

"Baraza la kata. Mzee, Jumatano ulimpa Naelijwa maji?"

"Sikumpa mtu Jumatano."

Naelijwa alishusha pumzi kando yangu. Kajiru alikuwa karibu kufunga, akasita. "Mzee, siku hizo za Jumatano, kizibo kilikuwa mahali pake?"

Niliangalia mashine nikidhani imekwama.

"Hilo sikumwambia mtu," alisema. Ukali ulikuwa umemtoka. "Nilikuwa naziba jioni, nakaza kwa nyundo. Alfajiri ya Jumatano nakuta wazi. Mara ya kwanza nikasema ni bahati mbaya. Mara ya nne nikajua ni akili. Mtu anayesahau kuziba bwawa siku moja atazamisha mashamba ya watu. Nikarudisha kizibo kwa ukoo, nikaacha ulinzi. Wakasema nimechoka. Wengine walicheka. Nikawaacha wacheke."

Mchome alitazama miguu yake.

Nilisimama bila kuruhusiwa. "Mzee, ni mimi, Yonazi. Hukusahau. Mke wangu ndiye aliyekuwa anafungua."

"Nankondo?"

"Ndiye. Alidhani umeona ukanyamaza."

"Kwa hiyo nilikuwa naziba."

"Ulikuwa unaziba, Mzee. Kila jioni."

"Kumbe niliziba!" alisema, na kutoka ndani ya mashine ile kikatoka kicheko, cha kukwaruza, kibaya, cha mtu asiyekizoea. "Miaka sita nalala macho wazi najiuliza, kumbe niliziba!"

Hakuna aliyecheka pamoja naye. Kajiru alijifuta uso kwa khanga, akamfunga.

Uamuzi ulichukua mchana mzima. Mashauri kumi na tisa yatasikilizwa upya, moja baada ya jingine, na walio hai waseme kwanza. Nyumba ya aliyeiba maji, ambayo ni mimi peke yangu, itoe tope bwawani Jumatano saba. Kuhusu Naelijwa, Kajiru aliuliza kama kuna mwenye neno. Sote tuligeuka kumtazama Mchome.

"Mimi ndiye niliyemwita Mzee kichwa cha chujio," alisema. "Mbele ya watu, pale kwenye mnada wa ndizi." Alikuna shingo. "Achukue Jumatano mpaka avune. Akishavuna tutazungumza. Sijasema nimempa."

"Hakuna aliyesema umempa," Naelijwa alimjibu.

*

Nimeshatoa tope Jumatano tatu. Naelijwa huniletea uji ndani ya kibuyu, hukaa ukingoni akaniambia nachota kama mtu anayekoroga chai. Faili la Nankondo nimelirudisha ndani ya furushi lake. Sijamfungua. Nikimfungua, itanibidi nimwambie alivyomfanya Mzee Senzighe, naye akifungwa atasahau, na kila mara nitakuwa namhuzunisha upya. Bado sijui kama huko kumstahi ni haki au ni woga.

Kwa Mzee Senzighe ni kinyume chake. Sheria inakataza kuongeza neno lolote katika kumbukumbu za marehemu. Lile alilolisikia barazani lilikuwa katika chumba cha muda, likafagiwa pamoja na chumba. Ndani ya furushi lake yeye bado ni mtu anayelala macho wazi.

Kwa hiyo nikitoka bwawani hupitia ofisini na tope langu miguuni. Kajiru ameniruhusu dakika tano, mradi nisikanyage mkeka.

"Nani?"

"Yonazi Mgonja."

"Unataka nini? Sema haraka."

"Mzee, nimekuletea habari ya kizibo."

Hunyamaza. Kila mara hunyamaza hivyo hivyo, na kila mara naogopa kidogo. Kisha namwambia, naye hunifanya nirudie, kisha hucheka kile kicheko chake kibaya mpaka makarani huchungulia dirishani. Dakika zikiisha namfunga mimi mwenyewe. Chumba chake hubomolewa, nami natoka nje kwenye upepo wa mlimani, nafunga kifungo cha juu.